Mzigo wa Mchungaji na Kanuni ya Watatu

Katika mkoa wetu wa Katavi mchungaji ni mtu wa kila kazi. Mke na mume wakigombana usiku, mlango unaogongwa ni wake. Mama akishikwa na uchungu na usafiri wa kwenda hospitali usipatikane, anaitwa yeye. Msiba ukitokea yeye ndiye anayeongoza mazishi, na mara nyingi ndiye anayehangaikia mbao za jeneza. Bati la kanisa likiezuliwa na upepo ataulizwa yeye. Mvua ikikawia ataulizwa pia, kana kwamba amekabidhiwa funguo za mawingu. Ninaposema mchungaji sibagui madhehebu. Namaanisha padre wa parokia, mchungaji wa Moraviani au wa Kipentekoste, mwinjilisti, na hata katekista wa kigango anayelima asubuhi na kufundisha jioni.

Nimekuwa nikisikiliza jinsi sisi waumini tunavyowapima watu hawa. Tunapima sauti zao mimbarani, uaminifu wao katika fedha za sadaka, na mwenendo wa watoto wao. Ni mara chache nimesikia mtu akiuliza: je, mchungaji wetu analala? Je, ana mtu wa kuongea naye? Tunaulinda moyo wake kwa sala, lakini kichwa chake hatukifikirii.

Na kichwa ndicho chombo chake cha kazi. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4, yaani karibu asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote ambayo mwili huitumia ukiwa umepumzika. Huo ndio unaotunga mahubiri, unaokumbuka majina ya wafiwa, unaozuia ulimi usitukane. Na huo, kama jembe, hupata butu. Wekeo la mikono halikubadilisha nyama za kichwani.

Hapa nakusudia kusema jambo moja. Uongozi wa mtu mmoja peke yake ni ugonjwa unaongoja siku yake. Watu wa kwanza walioleta Injili katika pwani ya ziwa letu walilijua hilo, wakaliwekea kanuni, miaka mingi kabla wataalamu wa ubongo hawajaeleza sababu zake. Sisi tulio na dawa bora na barabara bora tumeisahau kanuni hiyo.

Makaburi ya Karema

Karema iko kando ya Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Tanganyika ya leo, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda mjini. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha kituo pale kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold II kilichoitwa Chama cha Kimataifa cha Afrika. Wazungu wale walikuja na mipango mikubwa. Mwaka huo huo waliletwa tembo wanne kutoka India, ikidhaniwa kwamba wangebeba mizigo badala ya wapagazi. Mpango ule ulikufa pamoja na tembo wenyewe. Frederick Carter, aliyeongoza msafara wa tembo, aliuawa Mpimbwe mwezi Juni 1880 pamoja na mwenzake Cadenhead, walipokutwa na vita vya Mirambo na washirika wake. Kapteni Ramaeckers, mkuu wa kituo cha Karema, alifariki hapo hapo mwaka 1882.

Mwaka 1885, Leopold alipokwisha kuelekeza macho yake Kongo, kituo kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwazoea kwa jina la Mapadre Weupe. Nao walikuwa wamekwisha kuonja machungu. Msafara wao wa kwanza ulitoka Bagamoyo mwaka 1878, na Padre Pascal, aliyekuwa mkuu wa kundi lililokuwa likielekea Tanganyika, akafia njiani mwezi Agosti mwaka ule ule. Mwezi Mei 1881 wenzao watatu waliuawa Rumonge, katika Burundi ya leo.

Hata vyeo vikubwa havikuwa ngao. Jean-Baptiste Charbonnier aliwekwa wakfu kuwa askofu huko Kipalapala, karibu na Tabora, mwezi Agosti 1887. Mwezi Machi 1888 alikuwa amekwisha kufariki, huku Karema. Aliyemfuata, Léonce Bridoux, aliwekwa wakfu mwaka huo huo wa 1888, naye akafariki mwaka 1890 upande wa magharibi wa ziwa. Ndipo akaja Adolphe Lechaptois, aliyeliongoza eneo hili tangu 1891 hadi alipofariki mwaka 1917. Maaskofu wawili katika muda usiofikia miaka minne, kisha mmoja kwa miaka 26.

Msomaji atanikatiza hapa na kusema: hao waliuawa na homa na mikuki, hawakuuawa na uchovu wa mawazo. Ni kweli kabisa, wala sitaki kulipotosha jambo hilo. Ninachotaka tukitazame ni namna walivyojipanga mbele ya hatari. Mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliweka kanuni ambayo hakutaka ivunjwe kwa sababu yoyote: wamisionari wasikae kituo kimoja wakiwa pungufu ya watatu. Afadhali kituo kisifunguliwe kuliko kufunguliwa na watu wawili, sembuse mmoja.

Fikiri gharama ya kanuni ile. Watu walikuwa haba, nchi ilikuwa kubwa, vijiji vilivyoomba walimu vilikuwa vingi. Mkuu mwenye haraka angemtawanya kila padre peke yake na kupata vituo mara tatu zaidi katika ramani. Lavigerie alikataa hesabu hiyo. Sababu zake zilikuwa za sala, za nidhamu na za kusaidiana katika ugonjwa na kufa. Watatu wanaweza kusali pamoja. Mmoja akiugua, mmoja humuuguza na mwingine huendelea na kazi. Wawili wakikosana, wa tatu husuluhisha. Kanuni haikuzuia mikuki ya Rumonge, kwa maana watatu walikufa pale. Lakini ilizuia kitu kingine, nacho ni mtu kuachwa peke yake na mawazo yake katika nchi ya mbali.

Yanayotokea kichwani

Lavigerie alifariki mwaka 1892. Sayansi ya mambo haya ilikuja baadaye, hatua kwa hatua. Mwaka 1915 Mmarekani Walter Cannon alichapisha kitabu akieleza jinsi mwili wa mnyama unavyojiandaa kupigana au kukimbia pale anapotishwa: moyo hupiga haraka, damu hukimbilia kwenye misuli, tumbo husimamisha kazi yake. Mwaka 1936 Hans Selye, mzaliwa wa dola ya Austria na Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alieleza jambo aliloliona kwa panya wa maabara. Alipowatesa kwa njia tofauti tofauti, kwa baridi, kwa majeraha, kwa kuwachosha, wote walionyesha dalili zile zile: tezi zilizo juu ya figo zilivimba, na tumbo likapata vidonda. Neno alilolieneza Selye ndilo sisi leo tunaliita msongo.

Tezi zile za juu ya figo hutoa homoni mbili ambazo ni vizuri kuzijua. Ya kwanza ni adrenalini, inayowasha mwili mara moja. Ya pili ni kotisoli, inayofuata nyuma yake na kukaa muda mrefu zaidi. Zote mbili ni zawadi. Bila hizo, mtu akikutana na nyati katika mbuga ya Katavi angesimama tu akimtazama. Lakini zimetengenezwa kwa ajili ya nyati, kwa dakika chache za hatari na kisha utulivu. Hazikutengenezwa kwa ajili ya mgogoro wa kiwanja cha kanisa uliochukua miaka mitatu.

Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake huko New York walionyesha, kwa kuchunguza panya, kwamba homoni hizi haziishii mwilini. Zinaingia ubongoni, na kushikamana na sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo ni kama ghala ambamo kumbukumbu mpya hupokelewa. Tangu hapo tumejifunza mengi. Msongo wa muda mrefu hudhoofisha kazi ya ghala hilo. Hudhoofisha pia sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo ndiyo inayopima maneno kabla hayajatoka, inayopanga mipango na kushika breki za hasira. Wakati huo huo amigdala, kiungo kidogo chenye umbo la punje ya lozi kinacholinda hatari, huzidi kuwa mwepesi wa kupiga kelele. Kwa lugha ya nyumbani: mzee wa busara anasinzia, na mlinzi mwenye rungu anakesha.

Nilimfahamu mchungaji mmoja aliyekuwa na vituo vingi vya kuhudumia, kila kimoja mbali na kingine, na baiskeli moja. Alikuwa mpole kiasi cha watoto kumfuata njiani. Baada ya miaka kadhaa akaanza kusahau. Alisimama kwenye ubatizo akapotewa na jina la mtoto aliyeambiwa dakika ile. Aliwafokea wanakwaya kwa sababu ya jambo dogo, kisha akakaa siku mbili bila kusema na mtu. Usingizi ulimtoka saa nane za usiku. Baadhi ya waumini walinong'ona kwamba amerogwa. Wengine walisema amepoa kiroho, na wakamwongezea mfungo juu ya uchovu. Hatimaye mzee mmoja mwenye akili aliomba aletewe msaidizi, naye akapelekwa kwao akapumzike. Aliporudi, majina ya watoto yalikuwa yamerudi pamoja naye. Sisemi kila ugonjwa wa namna hii unapona kwa kupumzika, kwa maana mwingine unahitaji daktari na dawa. Nasema tu kwamba kilichoonekana kuwa dhambi au uchawi kilikuwa kichwa kilichobeba kupita kiasi.

Mwaka 1974 daktari wa saikolojia Herbert Freudenberger, huko New York, aliandika juu ya hali hiyo baada ya kuiona kwa watu waliojitolea kuhudumia maskini katika zahanati ya bure. Aliifananisha na kuungua mpaka ndani pakabaki majivu. Jambo lililomshangaza ni kwamba wanaoungua si wavivu. Ni wale wenye bidii na moyo wa kujitoa kuliko wenzao. Kuni mbichi haziwaki.

Nyani wa Amboseli

Ushahidi mwingine umetoka jirani zetu Kenya. Katika nyanda za Amboseli, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti wamewafuatilia nyani wa porini kwa miongo mingi. Mwaka 2011 Laurence Gesquiere na wenzake walichapisha matokeo ya miaka 9 juu ya nyani madume 125. Walikuwa wakikusanya kinyesi chao na kupima homoni za msongo zilizomo. Kwa kawaida dume wa cheo cha juu alikuwa na msongo mdogo kuliko wa chini. Lakini palikuwa na mmoja aliyevunja kawaida hiyo, naye ni wa kwanza kabisa. Nyani aliyekuwa mkuu wa kundi alikuwa na homoni za msongo nyingi kuliko yule wa pili, zikikaribia za wale wa chini. 

Mtu si nyani, na kanisa si kundi la wanyama wanaogombea majike na matunda. Hata hivyo mwili tulionao una historia, na somo moja linavuka: nafasi ya juu kabisa ina ushuru wake, na ushuru huo hulipwa na mwili. Robert Sapolsky, aliyeanza kuwachunguza nyani wa Maasai Mara mwaka 1978, ameeleza jambo linaloandamana na hilo. Cheo peke yake hakitoshi kueleza afya ya mnyama. Yule mwenye wenzake wa kukaa nao na kuchambuana manyoya huwa na utulivu zaidi kuliko yule asiye na rafiki, hata kama vyeo vyao ni sawa.

Na kwa binadamu je? Mwaka 2006 James Coan na wenzake, huko Marekani, walichapisha jaribio dogo lakini la kufikirisha. Wanawake 16 walioolewa walilazwa ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo ukifanya kazi, wakaambiwa kwamba huenda wangepigwa shoti ndogo ya umeme mguuni. Wakati fulani kila mmoja alikuwa peke yake, wakati mwingine alishika mkono wa mtu asiyemjua, na wakati mwingine mkono wa mumewe. Alipokuwa peke yake sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilifanya kazi kwa nguvu. Aliposhika mkono wa mgeni zilitulia kidogo. Aliposhika mkono wa mumewe zilitulia zaidi, na waliokuwa na ndoa njema walitulia kuliko wote. Shoti ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kuwapo kwa mwenzake.

Waswahili wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani mzigo wa mwingine huonekana mwepesi. Jaribio lile linatuonyesha upande wa pili wa methali hiyo: mzigo wako mwenyewe nao hupungua mwenzio anaposimama karibu, hata kama hajaubeba. Basi ile kanuni ya watatu haikuwa utaratibu wa wageni tu. Iligusa namna kichwa cha mtu kilivyoumbwa.

Adrian Atiman

Katika simulizi za Karema yupo mtu ambaye hatuna budi kumkumbuka. Adrian Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi ya Mali ya leo, akatekwa utumwani akiwa mtoto na kuvushwa jangwa la Sahara. Mapadre Weupe walimkomboa Algeria mwaka 1876. Alipelekwa Malta, ambako Lavigerie alikuwa ameanzisha mafunzo ya utabibu kwa vijana wa Kiafrika waliokombolewa, akasoma tangu 1881 hadi 1888. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa tabibu na katekista. Hakuondoka tena. Alifariki hapo mwezi Aprili 1956, akiwa na umri wa karibu miaka 90, baada ya kuwatibu na kuwafundisha watu wa pwani ile kwa miaka 67.

Alipofika, Charbonnier alikuwa amekwisha kuzikwa. Aliwaona maaskofu, mapadre, Wajerumani na Waingereza wakija na kupita, na vita vikuu viwili vikipita pia. Nini kilimdumisha? Hatuwezi kumpima homoni mtu aliyelala kaburini, na sitajifanya nimefungua kichwa chake. Lakini ramani ya maisha yake iko wazi. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa nchi hii, akawa na nyumba. Mtoto wao Joseph akawa padre. Alikuwa na kazi ya mikono yenye mwanzo na mwisho: jeraha linafungwa, jino linang'olewa, mgonjwa anakwenda zake. Na aliishi jirani na jumuiya ya mapadre, akiwa na watu wa kushauriana nao, bila kuwa yeye wa kuulizwa kila jambo. Kijana aliyepotezewa kwao akiwa mtoto alipata watu Karema, na watu hao walimkalisha.

Vilio vya wengine

Nyakati zilibadilika. Reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, ikaleta vibarua kutoka kila upande, na makanisa yakafuata watu. Kisha vikaja vilio. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, maelfu ya wakimbizi waliletwa wilayani Mpanda. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973, na ya Mishamo mwaka 1978. Walikata msitu, wakalima, wakajenga makanisa yao kwa udongo na nyasi. Kuanzia 2014 zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa hati za uraia wa Tanzania.

Mtaalamu wa elimu ya jamii Liisa Malkki alikaa Mishamo mwaka 1985 na 1986 akisikiliza simulizi zao, na kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Aliandika namna watu walivyorudia na kurudia habari za mauaji mpaka zikawa historia ya taifa zima. Mgeni yule alisikiliza kisha akarudi kwao. Lakini mchungaji wa Mishamo alisikiliza, akazika, akabatiza, akasikiliza tena, na wengi wao walikuwa wamekimbia kifo kile kile walichosimuliwa. Mwaka huo huo wa 1995, Charles Figley huko Marekani alitoa kitabu juu ya gharama ya kuwahudumia walioumizwa. Alieleza kwamba anayesikiliza maumivu ya wengine siku kwa siku anaweza kupata dalili kama zao: ndoto za kutisha, kushtuka ovyo, na huruma inayokauka. Mganga hajigangi, walisema wahenga. Yampasa awe na mganga wake.

Kanisa la Afrika Mashariki halikukosa jibu. Mwaka 1973 na 1976 maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu, katika mikutano yao ya AMECEA, waliamua kwamba maisha ya parokia yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Sote tumeona matunda yake. Familia chache hukutana nyumba kwa nyumba, husoma Neno, humtembelea mgonjwa, huchangia msiba. Jumuiya ikiwa hai, si kila kilio kinachopanda hadi mlango wa padre. Kikiwa kidogo hufutwa mtaani. Ni shauri lile lile Yethro alilompa mkwewe Musa alipomkuta akiamua kesi toka asubuhi hadi jioni: kwamba atadhoofika yeye na watu wake pamoja, na kwamba aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi.

Lakini jumuiya inamsaidia mchungaji ikiwa tu yeye mwenyewe amekubali kuachia. Na hapa ndipo ninapoona hatari ya siku zetu. Yamezuka mahali pengi makanisa ambamo mtu mmoja ni mwanzilishi, mhubiri, mtunza fedha, mshika funguo na mwamuzi wa mwisho. Baadhi yao ni watu wema. Ila hakuna anayeweza kuwaambia hapana. Wanasifiwa kwa kukesha na kwa kufunga, na hakuna anayejua lini mara ya mwisho walicheka na rafiki. Wakianguka, iwe kwa hasira, kwa ugonjwa wa moyo au kwa aibu ya fedha, tunasema shetani amemshinda. Huenda. Lakini sisi tulimwacha peke yake uwanjani.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia ubongo na homoni ni kumpunguza Roho Mtakatifu. Nawaheshimu, ila nawaomba wamsome Eliya upya. Alipowashinda manabii wa Baali kisha akakimbia nyikani akiomba kufa, malaika hakuanza kwa kumkemea wala kumwongezea mfungo. Alimwacha alale. Akamwamsha, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Mazungumzo mazito yalikuja baada ya usingizi na chakula. Na mwisho wake alipewa mtu wa kutembea naye, Elisha. Usingizi, chakula, mwenzi: sayansi ya leo ingemwandikia dawa hizo hizo.

Katavi ni mkoa uliozaliwa mwaka 2012, na Jimbo Katoliki la Mpanda lilianza mwaka 2000. Tungali vijana, na mazoea yetu bado hayajakauka kama udongo wa tofali. Hatuwezi kila kigango kukipa wachungaji watatu, kwa maana hata Lavigerie hakuweza kufungua vituo vyote alivyoombwa. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba kila mchungaji ana wenzake wawili wa kweli: mmoja wa kugawana naye kazi, na mwingine wa kumwambia ukweli. Wanaweza kuwa mzee wa kanisa na mchungaji wa dhehebu la jirani. Wanaweza kuwa mke wake na katekista. Cha muhimu wajulikane kwa majina, na wawe na ruhusa ya kumwambia: leo nenda kalale.

Baraza la wazee litakapokutana tena, pengine kabla ya taarifa ya sadaka na hesabu za mabati, mmoja wenu na aulize swali hili: wa kwanza tunamjua, naye amechoka. Wa pili ni nani? Na wa tatu ni nani?